Sauti ya Mkulima, Hoja ya Wakili: Nafsi ya Msemaji na Sitiari ya Utumwa katika Barua za John Dickinson (1767–1768)

Upinzani wa walowezi wa Marekani dhidi ya kodi za Uingereza husimuliwa zaidi kwa matukio kuliko kwa maandishi. Makala haya yanauchunguza upinzani huo kama suala la lugha, kwa kurejelea barua kumi na mbili ambazo John Dickinson alianza kuzichapisha katika gazeti la Pennsylvania Chronicle mnamo Desemba 1767, akijiita mkulima wa Pennsylvania. Hoja kuu ni kwamba sitiari ya utumwa, iliyozipa barua hizo nguvu kubwa, ndiyo pia inayofichua mipaka yake.

Muktadha wa barua hizo ni deni lililoielemea Uingereza baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1763. Mwaka 1765 Bunge la London lilipitisha Sheria ya Stempu, na upinzani wa walowezi ukachangia kufutwa kwake mwaka uliofuata. Hata hivyo, Bunge lilitangaza papo hapo kuwa lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria za kila namna. Mwaka 1767 likaweka ushuru kwa kioo, risasi, rangi, karatasi na chai zilizoingizwa katika makoloni.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni uteuzi wa nafsi. Dickinson alikuwa wakili aliyesomea sheria London, lakini msemaji wa barua zake ni mtu wa shamba dogo, mwenye fedha kidogo na vitabu vya kumtosha, asiyetamani makuu. Nafsi hiyo inatimiza dhima mbili. Kwanza, inamwondolea msemaji tuhuma ya kutafuta cheo. Pili, inampa msomaji wa kawaida imani kwamba suala la katiba linaweza kueleweka na mtu yeyote mwenye akili timamu. Kwa mbinu hiyo, hoja ya kisheria inafika nyumbani kwa msomaji ikiwa imevaa nguo za jirani yake.

Hoja yenyewe inaeleweka vyema kwa Kiswahili, lugha inayotofautisha kodi na ushuru. Dickinson anakubali kwamba Bunge linaweza kutoza ushuru ili kuongoza biashara ya dola. Anachokataa ni ushuru unaotozwa kwa lengo la kukusanya mapato, kwa kuwa huo ni kodi iliyojificha ndani ya jina la ushuru. Walowezi walikatazwa kununua bidhaa hizo kwingineko, hivyo hawakuwa na njia ya kuikwepa. Udogo wa kiwango si faraja kwake, bali ni mtego: anayelipa kidogo bila kuridhia amekwisha kukubali kulipa kikubwa. Mantiki hii ilithibitika mwaka 1773, sheria mpya ilipoipunguza bei ya chai na walowezi wa Boston wakaimwaga baharini. Mgogoro haukuwa wa bei, bali wa ridhaa.

Katika barua ya saba hoja hiyo inafikia kilele: wanaotozwa kodi bila ridhaa yao ni watumwa, kwa hiyo nasi ni watumwa. Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kusita. Inaweza kutetewa kwamba katika lugha ya siasa ya karne ya 18 neno hilo lilimaanisha kuishi chini ya matakwa ya mwingine. Utetezi huo una uzito, lakini hautoshi. Magazeti ya makoloni yalichapisha pia matangazo ya kuuza watumwa na kuwasaka waliotoroka. Dickinson mwenyewe alimiliki watumwa. Aliwaachia huru kwa masharti mwaka 1777, na bila masharti mwaka 1786. Kwa hiyo, sitiari yake iliazimwa kutoka kwa watu waliokuwa karibu naye lakini wasiohesabiwa katika neno “sisi”.

Ukimya huo ulijibiwa na Phillis Wheatley, aliyeletwa Boston kutoka Afrika akiwa mtoto mwaka 1761. Katika shairi lake kwa Earl wa Dartmouth, lililomo katika diwani yake ya 1773, anaeleza kwamba mapenzi yake kwa uhuru yametokana na kutekwa kwake. Yeye anatumia msamiati uleule wa walowezi, lakini utumwa wake si sitiari.

Kwa kuhitimisha, barua za Dickinson zilitoa kanuni pana kuliko dhamira ya mtunzi wake. Yeye alipendekeza maombi na kususia bidhaa, na mwaka 1776 hakutia saini Azimio la Uhuru. Kanuni ya ridhaa ilimpita: walowezi waliifikisha kwenye kujitenga, na waliotumikishwa walikuwa na haki ya kuidai kwa maana yake halisi. Kuzisoma barua hizi bila kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya “sisi” ni kuusoma upinzani huo nusu.