Nyuzi Sita Kwenye Kioo: Namna ya Kuutambua Uhuishaji Bora wa Gitaa la Klasiki

Mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi anayajua magitaa kwa kazi zake. Besi hushika chini, rithimu hujaza katikati, solo hupanda juu na kuchombeza. Wapigaji ni watatu, pengine wanne, na kila mmoja ana njia yake. Gitaa la klasiki hukabidhi kazi zote hizo kwa mtu mmoja aliyekaa kitini, mguu wa kushoto juu ya kibago, vidole vinne vya mkono wa kulia vikigawana nyuzi sita. Dole gumba ndilo besi. Kidole cha pete mara nyingi ndicho kinachoimba. Sikio lisilozoea husikia msongamano wa noti zinazotoka mahali pamoja, na hapo ndipo uhuishaji unapopata kazi ya maana: kuzitenganisha njia hizo mbele ya macho ili sikio lijue pa kuelekea.

Sanaa ya kuuchora muziki unaosogea ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Oskar Fischinger, Mjerumani aliyehamia Hollywood, alikata maumbo ya karatasi, akayaning'iniza kwa nyaya na kuyapiga picha fremu baada ya fremu mpaka yakacheza pamoja na Rapsodia ya Pili ya Kihungari ya Liszt. Filamu hiyo, An Optical Poem, ilitoka mwaka 1938. Mwaka 1985 Mmarekani Stephen Malinowski aliandika programu aliyoiita Music Animation Machine. Ndani yake kila noti ni mstari wa mlalo: urefu wa mstari ni muda wa noti, nafasi yake juu au chini ni wembamba au uzito wa sauti, na mistari yote husogea huku ile inayosikika ikiwaka. Mtindo huo ndio uliosambaa. Leo mtu yeyote mwenye faili ya MIDI, yaani noti zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta, anaweza kuwa na video yake kwa muda mfupi, na ndiyo maana mtazamaji anahitaji jicho la kuchagua.

Swali la kuanzia ni hili: sauti ya gitaa ikiondolewa na kuwekwa ogani inayopiga noti zile zile, je, kuna chochote kwenye picha kitakachohitaji kubadilishwa? Kama hakuna, mtengenezaji hakulisikiliza gitaa. Amesoma faili.

Tofauti kubwa iko kwenye kufa kwa noti. Miongoni mwa video za Malinowski zilizopendwa sana ni ile ya Toccata na Fuga ya Bach katika D ndogo, kipande cha ogani, na mstari wa mlalo unaifaa ogani barabara, kwa kuwa noti yake hubaki na nguvu ile ile mpaka kidole kiondoke. Noti ya gitaa huzaliwa ikiwa na nguvu zake zote, kisha huanza kufa papo hapo. Ukucha ukishauachia uzi, hakuna tena namna ya kuuongezea nguvu. Besi iliyopigwa kwenye uzi usiobanwa inaweza kuvuma kwa sekunde kadhaa, lakini noti ya uzi wa kwanza iliyobanwa juu karibu na tundu hukatika upesi. Kwa hiyo mstari unaobaki na mng'ao ule ule mwanzo hadi mwisho unamdanganya mtazamaji kuhusu jambo la msingi kabisa la chombo hiki. Kazi nzuri huipa noti kichwa kinachong'aa na mkia unaofifia, tena mikia haifanani: mirefu kwenye nyuzi tatu za chini zilizozungushiwa waya, mifupi kwenye nyuzi tatu za nailoni zinapobanwa juu shingoni.

Na noti inaisha lini? Karatasi haisemi ukweli wote. Mtunzi anaweza kuandika noti fupi kumi na sita zinazopokezana, lakini kwenye gitaa kila uzi huendelea kuvuma mpaka kidole kiuguse au noti nyingine ipigwe juu ya uzi ule ule. Karatasini zimepangwa mstari mmoja, hewani zimepandana. Etudi ya kwanza ya Heitor Villa-Lobos, katika zile kumi na mbili alizozikamilisha mwaka 1929, imejengwa yote juu ya kupandana huko. Faili iliyochapwa kutoka karatasini huikata kila noti pale inayofuata inapoanza, na mtazamaji huona ngazi kavu mahali ambapo msikilizaji anasikia uvumi mpana. Ukitaka kumjua mhuishaji anayejua kazi, mtafute kwenye etudi hii. Mikia ya noti ikilaliana na kujaza kioo, huyo ameusikia uzi.

Kipimo kingine ni njia za sauti. Fuga iliyo katika BWV 998 ya Bach, kipande alichokiandika kwa ajili ya luti au kinanda, hupigwa na wapiga gitaa wengi katika D kubwa, uzi wa sita ukiwa umelegezwa hadi D. Ina njia tatu zinazoingia kwa zamu na wazo lile lile. Video yake nzuri humruhusu mtazamaji kuichagua njia ya kati, ile ngumu kuliko zote kuisikia, na kuifuata bila kupotea hata zile mbili zinapoisonga juu na chini. Kosa la kawaida ni kuipa rangi kila uzi badala ya kila njia. Wazo huonekana la busara, lakini njia moja ya sauti hupita kwenye nyuzi mbili au tatu ndani ya sekunde chache, na rangi inapobadilika katikati ya wimbo jicho hudhani ameingia mwimbaji mwingine. Rangi za nyuzi zina mahali pake, na mahali hapo ni kwenye picha ya shingo ya gitaa. Kwenye picha ya muziki wenyewe rangi ni ya njia, au ya maelewano ya noti kama Malinowski anavyofanya anapozigawa rangi kwa kufuata duara la noti za tano.

Asturias ya Albéniz ni mtihani wa aina hiyo hiyo kwa sura nyingine. Noti moja, B, hurudiwa karibu bila kukoma, na wimbo hutembea chini yake kwa dole gumba. Mhuishaji asiyefikiri huzipa noti zote uzito sawa, na kioo kizima hutawaliwa na mstari wa B ambao sikio limeshauzoea na kuusahau. Anayefikiri huupunguza mng'ao ule wa juu, akaacha besi iseme. Uamuzi mdogo huo humtofautisha msikilizaji na fundi wa programu.

Wasikilizaji wa Kiswahili hawaanzii mbali katika jambo hili. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga Masanga, alitumia dole gumba na kidole cha shahada kuzipa besi na solo maisha mawili tofauti kwenye gitaa moja. Aliyewahi kuifuata besi ile chini ya solo ana sikio tayari kwa Bach. Masanga nayo inastahili kuhuishwa kwa uangalifu ule ule.

Halafu ipo tremolo, ambako video nyingi huanguka. Katika Recuerdos de la Alhambra ya Francisco Tárrega dole gumba hupiga besi, kisha kidole cha pete, cha kati na cha shahada huigusa noti moja ya wimbo mara tatu mfululizo, na mzunguko huanza upya. Kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika hupita noti zaidi ya kumi kila sekunde. Hesabu yake ni rahisi. Video ya fremu 24 kwa sekunde huipa kila noti fremu mbili na kidogo, na hicho kidogo ndicho tatizo, maana baadhi ya noti hupata fremu mbili na nyingine tatu. Tremolo iliyopigwa kwa usawa kamili huonekana ikichechemea, na mpigaji hulaumiwa kwa kosa la video. Kwa fremu 60 kila noti hupata tano au sita na kuchechemea hutoweka. Anayependa kipande hiki asikubali chini ya hapo.

Wako wanaoziunganisha noti za tremolo kuwa mstari mmoja mrefu, kwa hoja kwamba Tárrega alitaka gitaa liimbe noti isiyokatika. Hoja ina uzito, lakini uzuri wa tremolo uko kwenye juhudi yenyewe: sikio linajua kuwa ni miguso mitatu na pengo, na bado linakubali kusikia wimbo mmoja. Vitone vitatu vilivyokaribiana, na nafasi ndogo pale dole gumba linapopita, huonyesha yote mawili. Mstari mrefu hulifuta pengo, na pamoja nalo kazi ya mkono.

Kundi jingine la video halitumii noti hata kidogo. Programu husikiliza sauti na kuichora kama milima ya masafa inayopanda na kushuka. Zinapendeza, na kwa gitaa zina thamani moja ya kweli: mpigaji anaposogeza mkono kuelekea daraja la gitaa sauti inakuwa kali, anapourudisha juu ya tundu inalainika, na mabadiliko hayo ya rangi ya sauti huonekana wazi kwenye masafa ya juu ilhali mistari ya MIDI haiyajui. Lakini zina mpaka usiovukika. Uzi wa sita usiobanwa hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, na ukibanwa freti ya kwanza mara 87. Ili kompyuta izitenganishe noti hizo mbili kwa masafa yake, inahitaji kusikiliza kipande cha sauti cha karibu moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo tremolo ya Tárrega imeshapita noti mbili. Picha inayochambua besi vizuri itaitia ukungu tremolo, na inayoikamata tremolo itazichanganya besi. Zaidi ya hapo, mkwaruzo wa vidole vya kushoto kwenye nyuzi za waya huchorwa kwa heshima sawa na muziki.

Wengine huchora shingo ya gitaa yenyewe na kuwasha mahali panapobanwa. Kwa mwanafunzi hizi ni hazina, mradi mtengenezaji ajue kwamba noti moja ina nyumba nyingi. Noti ya uzi wa kwanza usiobanwa hupatikana pia uzi wa pili freti ya 5, wa tatu freti ya 9, wa nne freti ya 14 na wa tano freti ya 19. Programu iliyoachwa ijichagulie huruka kutoka nyumba hadi nyumba kwa namna ambayo mkono wa binadamu hauwezi. Etudi ile ile ya Villa-Lobos hufichua hilo mara moja: katikati yake mkono wa kushoto hushika umbo moja na kulishusha freti baada ya freti, huku nyuzi za pembeni zikiachwa wazi. Picha sahihi huonyesha umbo hilo likiteremka zima zima. Picha mbovu hulitawanya.

Noti za mlio wa kengele, zile ambazo uzi huguswa tu bila kubanwa, ni mtego mwingine. Uzi wa sita ukiguswa kwenye freti ya 7 hutoa B iliyo oktava moja juu ya ile inayopatikana kwa kuubana hapo hapo. Video ikiiwasha freti ya 7 kana kwamba imebanwa na kuichora noti oktava moja chini, hilo ni kosa linalopimika. Kuhusu mpangilio wa nyuzi, uzi mwembamba uwe juu au chini, pasiwe na ugomvi. Luis de Milán, katika kitabu chake cha vihuela, ndugu wa kale wa gitaa, kilichochapwa Valencia mwaka 1536, aliuweka juu, waandishi wenzake wa Hispania wakauweka chini. Kinachotakiwa ni mtengenezaji ashike mpangilio mmoja hadi mwisho.

Zipo pia video za simu iliyowekwa ndani ya tundu la gitaa, nyuzi zikionekana kujikunja kama mawimbi mapana. Watu huzisambaza wakidhani ndivyo uzi unavyotetema. Mawimbi yale hutokana na kamera, inayosoma picha mstari kwa mstari wakati uzi unaendelea kutembea. Ni picha nzuri ya kamera, na haifundishi chochote kuhusu wimbo.

Mapambo hayahitaji maneno mengi. Cheche na vumbi la nyota zinazolipuka kwa kila noti huchosha macho kabla ya kipande kufika nusu.

Muda ndio unaodai uvumilivu wa mtengenezaji. Mpigaji hai huchelewesha noti ya juu kidogo, hutawanya noti za pamoja kuanzia besi, huvuta pumzi mwishoni mwa sentensi ya muziki. Picha iliyofuata gridi ya kompyuta huku sauti ikimfuata binadamu huachana naye polepole. Watu huanza kugundua sauti ikiitangulia picha kwa takriban sehemu 45 za elfu za sekunde, na ikichelewa kwa takriban 125. Kabla ya kumhukumu mtengenezaji, mtazamaji atumie spika za waya, kwa sababu za bluetooth zenyewe huweza kuongeza ucheleweshaji. Mahali pa kupimia ni noti za pamoja zilizotawanywa: zikiwaka moja moja kwa mpangilio unaosikika, mtu amekaa na rekodi hiyo na kuipanga kwa mkono.

Mwisho ni maelezo yaliyoandikwa chini ya video. Yamtaje mpigaji, maana picha nzima imefuata pumzi zake, na yamtaje aliyekihamishia kipande kwenye gitaa. Albéniz aliiandika Asturias kwa ajili ya piano. Ile B inayorudiwa huwekwa kwenye uzi wa pili usiobanwa kwa uamuzi wa mpangaji, na uamuzi huo ndio unaojaza kioo kuanzia sekunde ya kwanza.