Kisu cha Mwandishi wa Hansadi

Nyama hufika Soko la Burma, Nairobi, mapema, mapaja na mbavu zikiwa bado na muhuri wa wino wa mkaguzi. Mkata nyama haanzi na panga. Huigeuza kwanza, huitazama, hupitisha kidole kwenye kiungo kama mtu anayetafuta neno lililompotea, ndipo huishusha kwenye gogo. Juzi mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, kiondo begani. Aliulizwa, "Nikutolee mafuta, mama?" Akajibu bila hata kumtazama kijana wa watu, "Toa mafuta, lakini nyama yangu uniachie."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu kazi ya waandishi wa Hansadi. Sijaona yanayoshinda jibu hilo la mama.

Hansadi ni kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni. Kanuni za Kudumu zinataka iwe ya neno kwa neno, lakini aliyewahi kumsikiliza mwanasiasa akihutubia anajua kwamba neno kwa neno tupu halisomeki. Mtu husema "yaani" mara tisa. Huanza sentensi akaiacha njiani, akaanza nyingine, kisha akairudia ile ya kwanza kuanzia mkiani. Mwandishi huondoa marudio na kigugumizi, hunyoosha kosa lililo wazi, na papo hapo hatakiwi kupoteza punje ya maana. Bunge la Uingereza lilikubali mwongozo wa namna hiyo mwaka 1907. Mwaka huo huo, tarehe 17 Agosti, Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana kwa mara ya kwanza bila Mwafrika hata mmoja ndani. Ilibidi kungoja hadi 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa. Kwa miaka 37 kitabu kile kilinakili kwa uaminifu mkubwa mazungumzo ya watu juu yetu sisi tusiokuwamo.

Jina lenyewe lina kisa ninachokipenda. Mchapaji wa London, Thomas Curson Hansard, aliichukua kazi ya kuchapisha mijadala ya Bunge la huko mikononi mwa mwandishi William Cobbett mwaka 1812. Miaka miwili kabla ya hapo wote wawili walikuwa wamehukumiwa kifungo, Cobbett kwa kuandika na Hansard kwa kuchapa makala iliyolaani askari kupigwa viboko. Kwa hiyo kitabu ambacho waheshimiwa hukitaja wakiwa wamenyoosha mgongo kina jina la mfungwa.

Zamani silaha ya mwandishi ilikuwa hatimkato, hasa ile iliyobuniwa na Isaac Pitman mwaka 1837. Konsonanti huchorwa kwa mistari, mingine imenyooka, mingine imepinda. Vokali ni nukta na vistari vidogo ambavyo mwandishi wa kasi huviruka, akiiachia akili imalizie baadaye. Kwa Kiingereza mbinu hiyo huenda salama. Sasa ijaribu kwa Kiswahili. Chora K na T, kisha uniambie mheshimiwa alisema kata, keti, kiti, koti, kuta au kuti. Lugha yetu imebebwa na vokali, na ngeli zote zinaning'inia hapo. Chora K na R, na mbunge aliyesimama kulilia kero za wananchi ataamka kesho yake akiwa analilia kura zao. Pengine litakuwa kosa la mwandishi. Pengine atakuwa amesikia vizuri kuliko sisi sote.

Siku hizi kuna vinasa sauti na kompyuta, na tangu 2008 mijadala ya Bunge letu hurushwa moja kwa moja hewani. Kazi haikupungua kama watu wanavyodhani. Waandishi hupokezana: mmoja hushika dakika zake chache, hutoka kwenda kuziandika, na mwenzake ameshakaa. Hotuba ndefu hupita mikono kadhaa, na ni lazima isomeke kama iliyotoka kinywa kimoja. Halafu kuna wale wanaopiga kelele kutoka viti vya nyuma, mbali na kipaza sauti. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika, na mwandishi hodari huwatambua kwa kikohozi.

Na kuna vicheko. Hansadi ya Tanzania huandika (Makofi) au (Kicheko) katika mabano, na wakati mwingine huvifunga pamoja: (Makofi/Kicheko). Basi. Mwandishi haruhusiwi kusema kama kicheko kilikuwa cha furaha au cha dharau. Anachoweza kufanya ni kukiweka mahali pake, mara tu baada ya neno lililokizaa, na msomaji mwenye akili huona mwenyewe nani alichekwa. Huo ni uandishi wa hali ya juu, na mshahara wake haujawahi kulingana nao.

Hata nje ya Bunge watu huandika kwa sikio. Wazee wa huku husema Burma lilipata jina lake kwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni, waliorudi kutoka vita vya Burma. Huko mtaa wa Kariokor, jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, liliingia sikioni mwa watu likatoka vile tunavyolitamka leo. Mitaa yetu ya Eastlands ilijiandika hivyo, kwa sikio, na haikumwomba mtu ruhusa. Labda ndiyo sababu mwanasiasa wa mitaa hii ninayependa kumsoma ni yule aliyekuwa na sikio kali kuliko wote, Tom Mboya.

Alizaliwa 1930 Kilima Mbogo, baba yake akiwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Alipoanza kazi Nairobi alikuwa mkaguzi wa afya wa jiji, jamaa ya hao wanaoigongea nyama muhuri. Machi 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Mwaka 1961 jimbo la Nairobi Mashariki lilimpa kura zaidi ya 31,000, mpinzani wake Dkt. Munyua Waiyaki akiambulia chini ya 3,000. Baada ya uhuru aliwakilisha Nairobi ya Kati, eneo ambalo leo tunaliita Kamukunji, huku akiwa waziri wa Serikali ya Jomo Kenyatta.

Fungua Hansadi ya miaka hiyo utazame jinsi anavyotambulishwa. Cheo hutangulia, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, na jina lake linafuata ndani ya mabano, kama kitu cha ziada. Kila akisimama, hivyo hivyo. Ni desturi ya uchapaji tu, najua. Lakini nikiisoma huhisi mwandishi ananinong'oneza kwamba kiti ndicho kinachozungumza, na mtu amekaliwa na kiti.

Maana Mboya wa 1957 na Mboya wa 1966 wako kwenye rafu moja, na hawafanani. Wa kwanza ni kijana wa upinzani anayewasumbua walowezi kwa maswali. Katika baraza hilo hilo, Juni 1958, mjumbe mwenzake Oginga Odinga alimtaja Jomo Kenyatta, aliyekuwa gerezani, kuwa bado kiongozi wa watu, na zikazuka kelele ambazo kitabu kimezihifadhi. Mboya wa pili ni Katibu Mkuu wa chama tawala, KANU, amekaa upande wa Serikali. Aprili 1966 Bunge lilipitisha kwa kasi sheria iliyowalazimisha wabunge waliohama chama kurudi kwa wapigakura, na waliolengwa walikuwa Odinga na wenzake. Kati ya hao Mboya wawili kuna Waraka wa Bunge Na. 10 wa 1965 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, uliotoka katika wizara yake. Humo imo hoja kwamba fedha za maendeleo zitangulie kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara. Watu wa kaskazini wanaulalamikia hadi leo, na wana haki. Mimi humhusudu Mboya kwa akili yake na hukasirishwa na matumizi yake, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Aliyeniwezesha kukasirika kwa haki ni mwandishi ambaye hakumpendelea wala kumwonea. Magazeti yaliyomsifu na yaliyomtukana siku zile yaliishia kufungia nyama.

Kanuni humruhusu mbunge aione rasimu ya maneno yake na kuyasahihisha, ila asibadili kiini cha alichosema. Hebu fikiria mazungumzo hayo. Mtu mkubwa, amelala akijuta, anakuja asubuhi na kalamu. Anayemkatalia ni mtumishi wa kawaida ambaye jina lake halimo popote katika kitabu.

Oktoba 1975 mbunge Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Akatakiwa athibitishe. Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, akaamua kwamba lililo dhahiri halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa papo hapo Bungeni na kutiwa kizuizini, wakakaa huko hadi Desemba 1978. Mwandishi aliyekuwa zamu siku ya maneno yale alirudi mezani kwake akayaandika. Angeweza kusema hakusikia.

Wakati huo Kiswahili kilikuwa kimeshaingia Bungeni, tena kwa kishindo: Kenyatta aliamuru tarehe 4 Julai 1974. Waandishi waliozoea Kiingereza maisha yao yote walijikuta wakinakili lugha ambayo wabunge wenyewe walikuwa wakiikwaa. Na hapa lipo swali ambalo halina jibu rahisi. Mheshimiwa akisema "hii maneno" na "ile kitu", mwandishi amnyooshee ngeli au amwache alivyo? Kosa lililo wazi linastahili kusahihishwa, kanuni ya zamani inasema hivyo. Lakini "ile kitu" ya mbunge wa Nairobi haikutokana na ujinga. Ndiyo anwani yake. Ndivyo wanavyosema waliompigia kura, hapa Burma, Shauri Moyo na Majengo. Ukiinyoosha kabisa umempa sauti ya mwalimu wa Unguja. Mimi ningeacha mbili tatu zibaki, kama mfupa unaoachwa kwenye supu, na nyingine ningezitoa. Ni zipi, huo ndio ufundi, na haufundishwi kwa barua.

Hotuba za Mboya zilizomo kwenye Hansadi ni za Kiingereza, Kiingereza kikali na kisafi. Lakini aliyeijaza mitaa hii watu hakuijaza kwa Kiingereza. Si mbali na hapa upo Ukumbi wa Kaloleni, ambao wenyeji huuita bunge la kwanza la Waafrika, na humo alizungumza Kiswahili, akitania, akiuliza, akijibiwa na umati. Hakukuwa na meza ya mwandishi, hapakuwa na zamu, hakuna aliyeweka (Kicheko) mahali pake. Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969. Amri iliyoingiza Kiswahili Bungeni ilipotoka, ilikuwa imebaki siku moja itimie miaka mitano tangu kifo chake.

Kwa hiyo nina ombi. Kama nyumbani kwenu kuna babu au nyanya aliyewahi kusimama nje ya dirisha la Kaloleni, mpe kiti na chai, washa simu irekodi, umwache aseme. Ukija kuyaandika, toa marudio. Ngeli zake usiziguse.