Ufukara wa Vifaa na Utajiri wa Sanaa

Wapo waaminio kwamba senema nzuri hununuliwa kwa fedha. Yafaa imani hiyo ipimwe, hasa na walimu wasimamiao maigizo shuleni, kwa filamu ya Kimarekani iitwayo Detour, iliyotolewa mwaka 1945 na PRC, kampuni ndogo ya Hollywood.

Kisa chenyewe ni cha kawaida katika hadithi za jinai. Al Roberts, mpiga piano fukara, anaomba lifti akielekea Los Angeles kwa mpenzi wake. Mwenye gari anafariki njiani; Al, akichelea kutuhumiwa, anauficha mwili na kujitwalia gari na jina la marehemu. Kisha anampakia Vera, mwanamke aliyepata kusafiri na marehemu, na tangu hapo hana hiari tena.

Mwongozaji, Edgar G. Ulmer, hakuwa na mtaa wa kuigizia. Akaufunika upungufu huo kwa ukungu, na wapenzi wakatembea humo wasiione kesho yao. Sehemu kubwa ya safari nayo yatendeka ndani ya gari lililosimama studioni, barabara ikioneshwa kwenye pazia la nyuma. Ufinyu huo wamfungia Al pamoja na adui yake. Malenga afungwaye na mizani hutenda vivyo hivyo: kizuizi hukigeuza kuwa maana.

Ann Savage, aigizaye Vera, hamwombi mtazamaji huruma. Anazinduka ghafla garini na kuuliza mwili uko wapi, na sauti yake yakata kama wembe. Tom Neal, aigizaye Al, amechagua unyonge. Kwa kuwa yeye ndiye msimulizi, twalazimika kujiuliza: je, huyu asema kweli, au ajitetea?

Hata hivyo, tusiutukuze ufukara wenyewe. Kasoro zipo: mahali pengine picha imegeuzwa, magari yakaonekana yakienda upande wa kushoto, kinyume cha desturi ya Marekani. Ufukara ulizaa kasoro hiyo. Ubora ulizaliwa na fikra. Ndiyo maana mwaka 1992 filamu hii iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa hilo.

Basi kikundi kisicho na pazia wala taa kisiahirishe mchezo. Kijiulize kwanza: giza hili laweza kumwambia nini mtazamaji?