Lugha Kwanza, Dawati Baadaye

Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi katika shule za umma za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipofanywa kuwa ya bure, madarasa yamefurika, na jimbo la Tanganyika halikusalimika. Mwalimu wa Manono, mji wa jimbo hilo, anayebanwa na umati wa watoto anaweza kumaliza muhula mzima bila kugundua kwamba yule mpole wa benchi la tatu hasikii. Wenzake wakikariri kwa pamoja, naye huchezesha midomo. Wakinakili ubaoni, naye hunakili, tena kwa mwandiko mzuri. Daftari limejaa, kichwani hakujaingia kitu.

Sheria iko upande wake. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria namba 22/003 ya kulinda haki hizo. Lakini sheria humfikisha mtoto mlangoni tu. Ndani ya darasa panahitajika mbinu, na kwa mtoto kiziwi mbinu hiyo ilishajaribiwa Afrika, Kongo ikiwemo, na mtu mmoja ambaye kazi yake inafaa kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama, alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu shahada Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington. Mwaka 1957 alifika Ghana. Hadi ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka Rwanda tarehe 3 Desemba 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi zaidi ya kumi, zikiwemo Kongo na Burundi.

Aliwezaje? Kwanza, hakusubiri jengo. Huko Accra aliazima darasa la shule ya Kipresbiteri na kulitumia baada ya wanafunzi wa kawaida kurudi nyumbani. Shule ya bweni ilikuja baadaye, wanafunzi walipokwisha kupatikana.

Pili, alikataa mafundisho ya kulazimisha kusema. Tangu mkutano wa Milan wa mwaka 1880 kuhusu elimu ya viziwi, walimu wengi wa viziwi duniani walipiga marufuku ishara na kumfunza mtoto asome midomo. Foster alichanganya vyote: ishara, herufi za vidole, maandishi, picha na matamshi kwa anayeweza. Katika nchi zinazotumia Kifaransa, ishara alizotoka nazo Marekani zilioanishwa na Kifaransa cha vitabuni, na hadi leo viziwi wengi wa nchi hizo wanatumia lugha ya alama iliyotokana na kazi hiyo.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito wote, aligeuza wanafunzi kuwa walimu. Viziwi waliosoma kwake walipelekwa kwenye mafunzo, hasa Ibadan nchini Nigeria, kisha wakarudi kwao kufundisha. Hivyo mtoto alikutana na mtu mzima anayefanana naye, mwenye lugha kamili mikononi. Mwalimu anayesikia aliyehudhuria semina fupi hawezi kumpa hilo, hata awe na moyo namna gani.

Tulete hayo kwenye darasa la kawaida la Manono. Somo ni samaki wa mto Lualaba. Mwalimu ainue picha, aonyeshe ishara, ataje jina kwa herufi za vidole, S-A-M-A-K-I, ndipo aandike ubaoni. Madarasa ya juu aongeze P-O-I-S-S-O-N kwa njia ileile. Mtoto arudishe kwa vidole kabla ya kuandika. Herufi 26 za mkono mmoja hazimsumbui mwalimu kwa muda mrefu, na darasa zima litazishika kama mchezo. Faida haiishii kwa kiziwi: mtoto anayesema Kiluba nyumbani na Kiswahili barabarani naye hukutana na neno hilo la Kifaransa kama mgeni, na macho humsaidia kulishika.

Mengine ni nidhamu ya mwalimu. Asiseme huku ameupa ubao uso na darasa mgongo. Aandike, anyamaze, ageuke, ndipo aeleze. Asisimame mbele ya dirisha, maana mwanga ukiwa nyuma yake uso na mikono vinakuwa giza. Imla isomwe kwa vidole, au ibadilishwe kuwa maelezo ya picha. Kumpa kiziwi sifuri ya imla ni kupima masikio badala ya tahajia.

Mwalimu apambanue pia aliyezaliwa kiziwi na aliyepoteza kusikia baadaye, kwa surua au homa ya uti wa mgongo. Huyu wa pili, kama Foster, ana lugha tayari, na maandishi yanaweza kumvusha. Wa kwanza hana lugha ya kuandikia. Kumpa vitabu kabla ya ishara ni kumwagia maji mtungi uliofunikwa.

Njia ya Foster ina kasoro zake. Ishara za kigeni zilizisukuma pembeni zile ambazo viziwi wa Afrika walikuwa nazo. Kusema na kuonyesha ishara kwa wakati mmoja nako huvuruga sarufi ya ishara, kwa sababu lugha ya alama ina mpangilio wake. Na shule za bweni huwatenga watoto na jamaa zao. Kasoro hizo zinarekebishika bila kuutupa msingi.

Tena msingi huo haupingani na elimu jumuishi, yaani ya kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, linalotajwa kila elimu jumuishi inapozungumzwa, lenyewe lilikiri kwamba viziwi, kwa sababu ya mawasiliano yao, huenda wakafaa zaidi katika shule maalumu au vitengo ndani ya shule za kawaida. Kumtawanya kila mtoto kiziwi kwenye shule ya mtaa wake, peke yake, kunapendeza kwenye ripoti na kunamnyima mtu wa kuzungumza naye.

Kwa mji kama Manono, hesabu inakuwa hivi: shule moja ya kawaida ichaguliwe, viziwi wa rika mbalimbali wakusanywe hapo, na fedha ya kwanza imlipe kiziwi mtu mzima anayejua lugha ya alama. Asubuhi afundishe lugha katika chumba chao. Hesabu, michezo na kazi za mikono wazifanye pamoja na wenzao wanaosikia, ambao nao wajifunze ishara. Vifaa vya kusikilizia, madawati mapya na mabango ya mradi vipange foleni nyuma ya mshahara huo.