Kalamu Nyekundu na Ulimi wa Mhusika: Funzo la Mswada wa Kourouma

Katika mazungumzo juu ya utunzi wa hadithi, kusahihisha mswada huhesabiwa kuwa kazi ya mwisho, tena ndogo: kurekebisha tahajia, kupanga vituo, kufuta marudio. Historia ya riwaya ya Ahmadou Kourouma, Les Soleils des indépendances, yaonyesha kwamba sivyo.

Kourouma, aliyezaliwa mwaka 1927, hakuwa mwanafasihi kwa elimu. Alisomea hesabu za bima. Mwaka 1963 serikali ya Houphouët-Boigny nchini Côte d'Ivoire ilikamata watu wengi kwa madai ya njama, naye akafungwa kwa muda, kisha akaenda uhamishoni Algeria. Riwaya ilizaliwa na uchungu huo. Wachapishaji wa Ufaransa waliikataa. Mwaka 1968 ikatoka Montréal kwa tuzo ya jarida la Études françaises, lakini kwa sharti: sehemu ya mwisho, iliyosimulia mambo ya 1963 kwa namna ya ripoti ya gazeti, ipunguzwe. Mwandishi akakubali. Mwaka 1970 Seuil ya Paris ikaitoa upya.

Je, hasira ile ilipotea? Fama, mrithi wa ukoo wa kifalme wa Horodougou anayetafuta riziki katika matanga ya watu, anahukumiwa kwa sababu aliota ndoto asiitolee taarifa. Ndoto hiyo peke yake yabeba mzigo wa kurasa nyingi za mashtaka. Mtunzi aliyeteswa hudhani kwamba ukweli wa mateso yake watosha kuwa hadithi; kalamu ya mhariri ndiyo iliyomlazimisha Kourouma kuona kwamba vitu hivyo ni viwili. Hata hivyo, mhariri asisifiwe kupita kiasi. Msomaji wa mwaka 1968 alinyimwa ushahidi uliokuwa na thamani yake, na aliyenufaika na ukimya huo hakuwa msomaji.

Lenye uzito zaidi ni kile ambacho kalamu haikukifuta. Kourouma alikipinda Kifaransa kifuate Kimalinke: mtu akifa, husemwa kuwa amekwisha, na kitenzi cha Kifaransa chalazimishwa kubeba maana hiyo. Mwalimu wa shule angelihesabu makosa hayo mstari kwa mstari. Huko Montréal yaliachwa, na ndiyo yaliyokipa kitabu sauti yake.

Miswada ya hadithi za Kiswahili inayotungwa Lubumbashi au Bukavu mara nyingi huhaririwa kinyume cha hapo. Mchimba madini aliyesema «mayi» na «batoto» hutoka mikononi mwa msahihishaji akisema «maji» na «watoto», kwa upatanisho kamili wa ngeli, kana kwamba alilelewa Unguja. Lakini ile hotuba ya mwalimu katika sura ya mwisho, inayoeleza ubaya wa ulevi na rushwa kwa kurasa nne, haiguswi hata neno. Kilichopaswa kubaki hufutwa, na kilichopaswa kufutwa hubaki. Wanaisimu, ambao ndio wanaoombwa kusahihisha miswada hiyo, wana sehemu yao ya lawama. Usanifu wa lugha una mahali pake, hasa katika usimulizi. Kinywani mwa mhusika, kosa la sarufi laweza kuwa habari juu ya mahali alikozaliwa na kazi aliyoifanya.

Lipo andiko la jiji lenyewe linalosaidia kupambanua. Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, si hadithi ya kubuni, na maneno yake yamekatwa na kuunganishwa bila kufuata kanuni. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, hakuanza kwa kuisahihisha. Aliomba mwenyeji wa lugha hiyo aisome kwa sauti, na mengi yaliyoonekana kuwa vurugu karatasini yakawa usemi wa kawaida masikioni. Mswada wa riwaya ukisomwa hivyo mbele ya watu wa Katuba, mchimba madini hueleweka bila msaada wa msahihishaji. Ikifika zamu ya hotuba ya mwalimu, msomaji huishiwa pumzi, na wasikilizaji huanza kuzungumza wao kwa wao.