Kata Kitambaa Kabla ya Kushona: Somo la Kwanza la Tawasifu

Mtu mzima anapoanza kujifunza kuandika maisha yake, ukurasa wa kwanza mara nyingi hufanana na kiambatisho cha barua ya kuomba kazi: nilizaliwa mwaka fulani, nikasoma hapa, nikaajiriwa pale, nikastaafu. Lugha yenyewe inatupotosha, kwa kuwa neno wasifu tunalitumia pia kwa karatasi ile ya kutafutia ajira. Karatasi hiyo inataka kila kitu. Tawasifu inataka uchague, na uchague mapema, kama fundi cherehani anayekata kitambaa kabla ya kushona.

Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, imetupa vielelezo viwili. Mwaka 1947 Mangi, yaani chifu wa Kichagga, Petro Itosi Marealle alitoa *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*. Jina halisemi "maisha yangu". Linamtaja Mchagga yeyote, na mipaka yake ni dunia na ahera. Mwaka 2009 Edwin Mtei, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alitoa *From Goatherd to Governor*, yaani kutoka kuchunga mbuzi hadi ugavana. Huyu alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 1966, kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Waziri wa Fedha, na mwaka 1992 mwasisi wa chama cha siasa cha CHADEMA. Vyeo vyote hivyo angeweza kuvipanga kwenye jalada. Aliweka ncha mbili tu, mbuzi na benki, na msomaji anabaki na swali moja linalomvuta ndani: alifikaje?

Mwandishi Shaaban Robert alikata kwa njia ya tatu. *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*: mshono wake ni umri.

Wewe unayeanza huhitaji ugavana. Kama umekulia Uchaggani, chukua mfongo, yaani mfereji wa maji, uliopita kwenye kihamba chenu, shamba la nyumbani. Ncha ya kwanza ni siku uliyotumwa kufungua maji peke yako. Ya pili ni siku mfongo ulipokauka. Katikati weka zamu: nani alitangulia, nani aligombana na jirani, nani aliamka alfajiri kwenda kuzibua. Shule na ajira zitaingia pale tu zinapogusa maji hayo. Ukiwa umesahau mwaka, uegemeze kwenye tukio linalojulikana: mwenge wa uhuru uliopandishwa kilele cha Kibo Desemba 1961, au Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Waulize ndugu zako walikuwa darasa la ngapi wakati huo, na tarehe itajitokeza.

Basi, kabla ya kujaza daftari, andika ncha zako mbili kwenye mstari mmoja. Zikiibua swali la "ilikuwaje?", anza kushona. Zisipoliibua, rudi kwenye mkasi.