Tezo na Cheti

Ukifika Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, ukaziacha hoteli na kushuka pwani upande wa kijiji, utakuta vyombo vimeegemezwa magogo mchangani. Kimoja kina mkuku tu na fashini zake za omo na tezi. Kingine kimeshapandishwa mbao hadi nusu. Cha tatu kimemalizika kuundwa na sasa kinapigwa kalafati. Hutaona karatasi ya mchoro. Fundi ana kamba, timazi, kipande cha mkaa, tezo, keekee, patasi na jicho lake, na kwa vitu hivyo anaunda mashua ambayo ubavu wake mmoja unalingana na wa pili, na ambayo watu watapanda na watoto wao.

Nianze na tezo, maana ndiyo inayomfichua mtu. Fundi husimama juu ya gogo, miguu kaitanua, akaliteremsha bapa kuelekea nyayo zake mwenyewe. Kila pigo hubandua ubale mwembamba, na pigo linalofuata hutua pale pale lilipoishia la kwanza. Pigo likizidi, ama mbao imeharibika au muundi umechanika. Kwa hiyo mwanagenzi hapewi tezo siku ya kwanza wala mwezi wa kwanza. Kwanza anaokota vibale, anashika ncha ya kamba, anachemsha chai, anainoa tezo ya mwingine. Wapo wanaoona huko ni kumpotezea kijana muda. Mimi naona ndiyo shule yenyewe, kwa sababu anayenoa bapa kila asubuhi huujua ukali wake kabla ya kulitumia, na anayeshika kamba huiona hesabu ya fundi ikifanyika mbele ya macho yake.

Kisha kuna mataruma, yaani mbavu za chombo. Hapa ndipo ninapoweza kumtazama fundi kutwa nzima nisichoke. Taruma la kweli halikatwi kwenye ubao ulionyooka. Ukilazimisha kona kwenye mti ulionyooka, unazikata nyuzi zake katikati, na siku ya wimbi kubwa utavunjikia hapo hapo. Fundi hutafuta tawi lililokua likipinda lenyewe, la mwembe au la mkoko, ambalo nyuzi zake zinaufuata mpindo kutoka ncha hadi ncha. Huuzunguka mti, akarudi nyuma, akainama, akalitazama panda la tawi kwa upande huu na ule. Anachokitafuta ni mpindo unaofaa mahali fulani katika chombo ambacho bado hakijakamilika. Umbo lote analo kichwani. Akilipata tawi, hulichonga kidogo, akalijaribisha ndani ya ubavu, akatazama mwanga unapopenya kati ya taruma na mbao, akalitoa, akachonga tena pale tu palipogusa mno. Safari hizo za kulitia na kulitoa huwa nyingi, na hakuna anayemhimiza.

Msumari nao una adabu yake. Haupigwi tu. Keekee hutoboa njia kwanza, kwa kuwa mti mgumu hupasuka ukilazimishwa, na tundu huwa jembamba kuliko msumari ili uume sawasawa. Chini ya kichwa cha msumari huzungushwa pamba iliyochovywa mafuta, maji yasipate pa kupita. Chombo kizima kina misumari mingi sana, na karibu yote itafichwa na rangi na shahamu. Mwenye chombo hatakuja kuuliza kama ule wa arobaini kwenye ubao wa tatu ulifungwa pamba. Fundi hufunga kila mmoja.

Kalafati ndiyo kazi anayoanza kuaminiwa kijana. Pamba husokotwa, ikalainishwa kwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi butu katika maungio ya mbao. Ukisimama karibu utasikia sauti ikibadilika: mwanzo mlio ni mzito na wa kufifia, kisha pamba ikishajaa nyundo inalia kwa ukavu. Fundi mkubwa anaweza kuwa amekaa upande wa pili wa chombo akichonga, hamtazami kijana kabisa, lakini masikio yake yako kwenye nyundo ile. Mlio ukiwa si wenyewe, anatoa neno moja tu: itoe, anza tena. Kijana anachomoa pamba yote ya dhiraa nzima na kuirudia. Hapati alama wala matusi. Kazi ndiyo inayosahihishwa, na husahihishwa mpaka iwe sawa.

Maneno hayo, itoe, anza tena, ndiyo niliyoyakosa katika madarasa mengi ninayoyajua. Shuleni alama 80 kwa 100 ni furaha kwa mzazi na mwalimu. Zile 20 zilizopotea hazirudiwi na mtu. Darasa limeshahamia sura inayofuata. Mashua iliyozibwa maungio 80 kati ya 100 haifiki hata kisiwa jirani cha Tumbatu. Siandiki haya kumdharau mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia moja mbele yake, ambaye hata angetaka kumsimamia mtoto mmoja kama fundi anavyomsimamia mwanagenzi wake, hana jinsi. Ninasema kwamba uangalifu ni tabia, na tabia hujengwa kwa kurudia kazi mbele ya mtu anayejua na anayejali. Ratiba ikimnyima mtoto nafasi ya kurudia, atatoka na maarifa na mkono wa haraka.

Viongozi wetu waliliona jambo hili mapema. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuyaona matokeo ya uamuzi wao. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, useremala, ushonaji na kilimo viliingia kwenye ratiba. Sote tunajua yaliyofuata. Karakana zilikuwa haba, na masomo ya mikono yakageuka kuwa ya daftari: mtoto alichora randa na kutaja sehemu zake bila kuishika. Shamba la shule nalo likawa mahali pa adhabu. Aliyechelewa alipelekwa kulima, aliyepiga kelele akapewa fyekeo. Sijui somo baya kuliko hilo, kumfundisha mtoto kwa miaka saba kwamba jembe ni la mkosaji na kalamu ni ya mtu mwema.

Wapo watakaoniambia kwamba fundi wa pwani anajua kuunda mashua lakini hajui kwa nini inaelea, na kwamba bahari ya leo inataka hesabu za uzito na mizani ya chombo. Hesabu hizo zina thamani kubwa, na ningependa kila kijana wa Nungwi azijue. Lakini usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika bahari hiyo hiyo ya Nungwi. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi, zaidi ya maradufu ya idadi iliyoruhusiwa. Mamia kwa mamia walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Hesabu ya uwezo wa meli ile ilikuwepo, imeandikwa, na watu wa kuisoma walikuwepo bandarini. Kilichopungua ni mtu wa kusema hapana, shusheni watu. Elimu ya kitabu ilikuwa imeshafanya kazi yake yote, na haikutosha.

Tena mkono uliozoeshwa uangalifu haukwami kwenye jambo jipya. Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walipewa kazi ambayo hakuna baba wala babu aliyewahi kuwafundisha: kuunda chombo kwa plastiki iliyookotwa pwani na mitaani. Mbao za plastiki zilimwagwa na kuchongwa, zikajaribiwa, zikashindwa, zikamwagwa upya. Kazi iliyoanza 2016 ilishushwa majini 2018, mashua ya takriban mita tisa iliyovikwa vipande vya kandambili za rangi zote, ikapewa jina Flipflopi, na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Plastiki haina nyuzi kama mti na haiushiki msumari kwa namna ile ile. Mafundi wale waliitazama kama wanavyolitazama tawi la mwembe, wakajifunza inachokubali na inachokataa. Huo ndio umahiri ambao kila mtaala unaahidi katika ukurasa wake wa kwanza.

Sasa pana nafasi ambayo nisingependa ipite. Tanzania imeanza kufundisha mkondo wa amali, yaani wa kazi za ufundi, katika shule za sekondari tangu 2024, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa cheti. Hatua zote mbili ni njema. Ila naona tumeipanga meza upande mmoja: fundi anaitwa ili apimwe na shule, lakini shule haijamwita fundi ili awapime wanafunzi wake. Mzee aliyeunda vyombo maisha yake yote anakaa kwenye foleni ya kuthibitishwa na kijana ambaye hajawahi kukaa ndani ya mashua inayovuja.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wakuu wa shule za amali za pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja, Pemba na Mafia, na wenzao wa Lamu na Mombasa. Mwiteni fundi wa kijiji chenu karakanani, mlipeni kama anavyolipwa mtahini yeyote, na msimuulize alifika darasa la ngapi. Mpeni mamlaka ya kukataa kazi ya mwanafunzi na kumwamuru airudie. Na pangeni ratiba yenu kwa namna ambayo mwanafunzi huyo atakuwa na muda wa kuirudia.